Rangi Nyeusi Chini ya Gari la Kijivu

Baba mkwe wangu mpendwa,

Barua hii sijaitia kwenye bahasha. Ningeitia, ningeituma wapi? Wewe tulikuzika Buffalo mwezi wa kwanza, ardhi ikiwa imeganda hadi kaburi likachimbwa kwa mashine, na mimi nilisimama pale na koti langu jeusi nikilia kuliko watoto wako wa kuzaa. Watu walisema, huyu mkwe alimpenda mzee kweli. Nilikupenda, ndiyo. Lakini nusu ya yale machozi yalikuwa ya aibu, na hakuna aliyejua. Basi naiacha wazi, isomwe Louisville, isomwe hapa Columbus, isomwe na huko Buffalo, kwa sababu huko kote jina lako limechafuliwa, na aliyelichafua ni mimi, mke wa mwanao Muhire.

Sisi wafugaji wa milimani unatujua. Mkwe na baba mkwe hawaketi kiti kimoja, hawaangaliani usoni, hawapigi soga. Miaka minne ya kwanza ya ndoa yangu sidhani kama tulisemezana maneno mia, na mengi yake yalikuwa salamu. Ukiingia sebuleni, mimi naingia jikoni. Ukimaliza chai, naondoa kikombe nikiangalia sakafu. Heshima ilitutosha, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kingine cha kutafuta kwako.

Halafu mwaka wa tano, mwezi wa kumi, ukaja, nasi bado tunaishi kwenye apatimenti za Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus. Ulikuwa na mzunguko wako, kila mtu aliujua: basi kutoka Buffalo, unashuka Columbus kwa Muhire, kisha Louisville kwa kaka yake mkubwa, kisha unarudi kwa mama. Begi moja tu, ndani yake ovaroli, brashi za waya na ile pampu ya kunyunyizia. Mafuta ulinunua hukuhuku. Ulikuwa unalala chini ya gari za watoto wako, unazipaka mafuta tumboni kabla theluji haijaanguka na kabla malori hayajamwaga barabarani ile chumvi ya kuyeyusha barafu, inayokula chuma. Ukimaliza za watoto, watu wa kanisa wanakuletea zao. Hukumkatalia hata mmoja.

Siku hiyo Muhire alikuwa kazini ghalani, zamu ya mchana. Nani wa kukupitishia vifaa? Mimi. Mimi, mkwe, nisimame karibu na miguu ya baba mkwe inayochungulia chini ya gari! Mama yangu angeona angezimia. Nilikaza kitenge kiunoni, nikageuzia uso ukutani, nikawa nanyoosha mkono kwa nyuma kama mtu anayempa chumvi ng'ombe mwenye pembe mbaya. Brashi ikaanguka mara mbili. Ndipo nikasikia sauti yako kutoka huko chini, imejaa kicheko na vile vineno vyako vya Kifaransa.

"Bon, mukwe wangu. Mimi huku sikuone, na wewe hunione. Donc, tunaweza kuongea."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye sementi. Na tukaongea, baba. Yesu wangu, tuliongea! Mchana mzima, gari likiwa katikati yetu kama pazia. Uliniambia habari za gari lako la kwanza Buffalo, jinsi sakafu ilivyotoboka ukaona barabara ikipita chini ya mguu wako, na ukadhani ni maono. Uliniambia, "Kule kwetu chumvi ni zawadi ya ng'ombe, inalamba na inanenepa. Huku chumvi ndiyo inalamba gari." Ulinifundisha kazi bila kujua unanifundisha: kwanza uoshe chini vizuri, uache pakauke siku mbili, ukwangue kutu mpaka uone chuma, ndipo unyunyize mafuta, kwenye chasisi, kwenye paipu za breki, kwenye maungio yote, lakini kwenye diski za breki hata tone lisiguse. Na vile vitundu vya chini ya milango visizibwe, maji yapate pa kutokea. Mafuta yenyewe yametoka kwenye manyoya ya kondoo, ukasema, "Ona basi, hata kondoo wa huku wanafanya kazi."

Nami nikakwambia mambo yangu. Nilikwambia habari za mama yangu aliyebaki kambini Burundi, ambazo hata Muhire nilimwambia nusu. Hukunipa neno la faraja. Ulisema tu, "Huyo mama ana binti," basi, ukaendelea kukwangua. Sikuelewa maana yake vizuri, lakini nililala vema siku ile.

Nikawa nauhesabia mwezi wa kumi siku. Ndani ya nyumba, heshima ileile, kimya kilekile. Chini ya gari, baba yangu.

Kuna kitu kimoja ulikuwa unakisema kila mwaka, ukiona gari la mtu limepakwa ile rangi nyeusi nzito ya makopo juu ya kutu. Ulikuwa unakasirika kabisa. "Kutu haifunikwe, mukwe. Ukiifunika, inakushukuru, inaendelea kula." Nilikusikia. Nataka kila anayesoma ajue kwamba nilikusikia, sitaki mtu aseme maskini hakujua.

Tukahamia Hilliard, upande wa pili wa mji. Nyumba yetu wenyewe, njia ya gari ya sementi nyeupe, majani yamekatwa sawasawa, majirani wanasalimia kwa kupunga mkono. Nilikuwa nimeshaacha kazi ya ghalani, nawahudumia wazee majumbani, nimevaa sare safi, na kichwa kikapanda. Ukaja na begi lako. Ukatandika makatoni pale nje, ukaingia chini ya gari langu la kijivu na ile ovaroli iliyopasuka gotini. Mafuta yakadondoka kwenye sementi yangu nyeupe. Harufu ikaenda mpaka kwa jirani. Nilisimama pale nakupitishia vifaa lakini moyo ulikuwa unaomba umalize haraka.

Jirani akapita na mbwa wake, akasimama, akaangalia ile miguu, akaniuliza kwa upole tu kama huyo ni fundi wangu.

Nikasema ndiyo. Nikaongeza na kicheko, ni fundi tu.

Kiingereza chako hakikuwa kingi, lakini hilo neno la fundi ulikuwa nalo, maana ndilo uliloitwa kazini Buffalo miaka yote. Brashi ilisimama. Kisha ikaendelea, na hatukuongea tena siku ile. Jioni ulikula ukiangalia sahani, nami nikaangalia sakafu, na heshima ya milimani ikanisitiri vizuri sana. Aliyetuona angedhani ni adabu tu.

Mwaka uliofuata nikakupigia simu mapema. "Baba, usijisumbue na gari yangu, kuna garage karibu hapa inapaka." Ukasema, "Bon. Bon, ni vizuri." Baba mkwe hamhoji mke wa mwanawe, na mimi nilijua hutanihoji, ndiyo maana nilikuwa jasiri hivyo. Ulikuja bado, ukaifanyia kazi gari ya Muhire na za wengine kwenye maegesho ya kanisa Reynoldsburg. Langu sikulileta. Hakukuwa na garage yoyote. Nilijiambia nitaitafuta wiki ijayo, wiki ijayo ikawa theluji, theluji ikawa miaka mitatu. Juu nililiosha kila Jumamosi likang'aa, maana Jumapili watu wanaliona. Chini nani anachungulia?

Nilipotaka kuliuza ninunue jingine, nikainama kuliangalia chini. Eeh, baba. Niligusa chasisi kwa kidole, ikabanduka vipande vipande mkononi. Paipu ya breki imevimba kutu kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Nilikaa kwenye sementi nikiwa nimeshika vile vipande, na nikawa na nafasi, sikia vizuri, nikawa na nafasi ya kuwa mtu. Ningelipeleka kwa wauza vyuma chakavu, hadithi ikaisha.

Nilienda dukani nikanunua makopo ya rangi nyeusi.

Muhire alipoenda kazini nikatandika makatoni kama ulivyokuwa unatandika wewe, nikalala chali kama ulivyokuwa unalala wewe, nikapaka. Juu ya kutu, bila kuosha, bila kukwangua. Mikono yangu ilijua kazi kwa sababu yako. Nilipotoka hapo chini, lilikuwa limependeza kama jipya.

Akaja Furaha. Hukumfahamu vizuri, ni mama wa watoto watatu, ana miaka miwili tu Amerika, anafungasha mizigo ghalani na anakaa zilezile apatimenti za Reynoldsburg tulikoanzia. Alihitaji gari la kumfikisha kazini. Akalizunguka, akafungua milango, akauliza swali moja tu, lile ulilolifundisha kanisa zima kuuliza.

"Na chini je, mama?"

Nikamwambia, "Chini alipaka mzee mwenyewe."

Hata kuinama hakuinama. Alisema, "Kama ni muzee, basi," akatoa mkono tukashikana. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi kibaya changu nilikitembeza kwa miguu yako.

Ukafariki kabla baridi haijaisha. Mwezi wa tatu Furaha alikuwa anaingia kwenye maegesho ya nyumbani kwake, akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Paipu imepasuka. Mungu aliweka pipa kubwa la takataka mbele yake badala ya mtoto wa mtu. Watoto wake wawili walikuwa kiti cha nyuma. Hawakuumia, lakini yule mdogo hakutaka kupanda gari mwezi mzima. Fundi alipolinyanyua, akachoma ile rangi nyeusi na bisibisi, bisibisi ikazama yote. Akamwambia Furaha kwamba aliyepaka hivi ama ni mjinga ama ni mwizi.

Na Furaha alimjua aliyepaka. Nilikuwa nimemtajia.

Alilia kwenye simu kwa dada yake Louisville. Kufika Jumapili, Buffalo wameshasikia. Unajua sauti za simu zinavyotembea kwetu, hazihitaji hata viza. Kumbe mzee alikuwa anapaka rangi tu. Kumbe alitufanya wajinga. Watu ambao ulilala kwenye baridi chini ya gari zao, mgongo ukiuma, wakaanza kuinama kuchungulia kama uliwaibia.

Muhire alisikia kwenye chai, baada ya ibada. Mtu mmoja alitania, "Mwana wa fundi wa rangi nyeusi, habari yako?" Mwanao aliweka kikombe mezani polepole. Walitenganishwa na wazee wa kanisa. Toka siku ile hakukanyaga kanisani tena, wala kwaya hakuimba. Akaingia chini ya gari lake mwenyewe, akapiga picha, chuma kisafi hakina hata doa, akawa anamwonyesha kila mtu, "Tazama, hii ndiyo kazi ya baba." Wakamjibu kwamba la mwanawe angekosaje kulifanya vizuri.

Na mimi, baba? Nilimwekea chai. Nikamwambia, "Achana nao, Mungu anajua." Jumapili baada ya Jumapili nilimwacha ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa, nikavaa, nikaenda kanisani kuimba. Nilikuwa ninakula naye sahani moja na maneno ninayo, na kila siku niliyanyamazia kwa sababu ya jana yake. Mtu akinyamaza wiki moja anaweza kusema nilisahau. Miezi sita utasema nini?

Mwezi wa kumi ukafika. Asubuhi moja Muhire akatoa begi lako ambalo mama alimpa baada ya mazishi. Akasema atachukua likizo, atafanya mzunguko wako, Louisville mpaka Buffalo, atampaka kila mtu gari yake bure. "Lakini naanza na Furaha. Lazima nimuombe musamaha kwa ajili ya baba. Hata kama baba alikosea mara moja tu, mara ile ilikuwa kwa watoto wa watu." Akanitazama. "Utanisindikiza?"

Kwa hiyo mwanao alikuwa ameanza kuamini. Hilo ndilo lililonivunja mgongo, kwamba nilikuwa nimemfanya hata yeye akushuku.

Tulienda Jumamosi mchana. Furaha alitukaribisha vizuri, akaleta viti, akaleta chai ya maziwa na mandazi. Njia nzima nilikuwa nimejiambia nitasema tukiwa garini, na garini nikasema nitasema tukifika. Muhire akavua kofia. Mtu mzima yule, akasimama katikati ya sebule ya watu, mikono ameishika mbele kama mwanafunzi. Akasema, "Mama, nimekuja kwa jina la baba yangu. Kazi aliyokufanyia ilikuwa mbaya. Hayupo, mimi mwanawe nipo. Tusamehe."

Nilikuwa na nafasi hapo. Kati ya mwisho wa maneno yake na mwanzo wa maneno ya Furaha palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa, mtu angeweza hata kukohoa. Sikuitumia.

Furaha akafuta macho kwa kitenge. "Nimemusamehe muzee," akasema. "Apumuzike."

Ndivyo ilivyokuwa, baba. Ulisamehewa dhambi yangu, mbele yangu, nikiwa na andazi mkononi.

Hapo ndipo nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema, "Si yeye. Gari lile hakuligusa miaka mitatu. Nilimzuia mimi. Rangi ile nilipaka mimi, nikamtaja yeye ili ulinunue." Nikasema na habari ya jirani na mbwa, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nikitapika, natapika yote.

Muhire hakupiga kelele. Ningeshukuru kelele. Aliuliza kitu kimoja: "Na siku ile ya chai, ulikuwa unajua?" Nikasema nilijua. Akavaa kofia, akatoka, akakaa garini.

Nikamgeukia Furaha. Nikapiga magoti, nikamwomba. Aliinuka akaondoa vikombe, vyote, na changu ambacho kilikuwa bado kimejaa. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayepanga vitu vyake kabatini: "Ule musamaha wa muzee naurudisha, hakuwa na deni yake. Wa kwako, mama, nitafikiri."

Siku hiyohiyo nilirekodi sauti nikaituma kwenye makundi yote matatu ya simu, la Louisville, la Columbus na la Buffalo. Nilifuta mara nne, maana kila mara nilijikuta nimeingiza neno la kujitetea. Ya tano ilikuwa fupi. Watu wamenijibu kila namna, wengine wamenitukana na wana haki, wengine wametuma mikono ya maombi. Yule aliyemtania Muhire alikuja nyumbani kumwomba radhi, wakakumbatiana pale mlangoni, mimi nikiwa jikoni. Lakini sauti hupita, mtu akasikia nusu akasimulia robo. Ndiyo maana nimekaa kuandika yote.

Muhire amesafiri na begi lako, amekwenda peke yake. Jana alikuwa Louisville, kesho kutwa Buffalo kwa mama. Ananipigia simu kila jioni kuuliza kama watoto wamekula. Nikimjibu wamekula, anasema sawa, anakata. Jumapili kabla ya kuondoka aliimba kwaya, na hakunitazama wimbo mzima.

Sikuombi unisamehe. Ningeomba, ningekuwa najidanganya, maana wewe huwezi kukataa. Mtu aliye hai ndiye anayeweza kukunyima kitu. Nimekuja tu kukurudishia jina lako mbele ya watu: hukupaka ile rangi. Hukuwahi kufunika kutu ya mtu yeyote. Kila gari uliyoigusa, katika miji hii mitatu, ilikuwa safi mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Furaha bado anafikiri. Kila Jumapili ananipa mkono, ananiuliza habari za watoto, halafu anakwenda kukaa benchi la mbele na wanawe. Nami nakaa nyuma yake, namngoja. Yeye angalau namwona kisogo. Wewe, baba, sina hata mahali pa kukungojea.

Pumzika, baba. Kosa hili si lako tena.

Mimi mkwe wako,
mke wa Muhire, Hilliard